Mwalimu Aliyenifundisha Kuandika Amenirudishia Karatasi Tupu

Mama Mshauri, jambo sana.

Nakuandikia kutoka Lubumbashi, komini ya Kampemba. Nina miaka 29, ni mwalimu wa Kiingereza. Nilisoma Ndola, Zambia, nikikaa kwa shangazi yangu, nikarudi nyumbani miaka mitatu iliyopita baba alipoanza kuugua. Shule iliyonipa kazi ndiyo ileile niliyosoma nikiwa mtoto, shule ya msingi ya binafsi yenye wanafunzi 260. Walimu tuko kumi na watatu pamoja nami.

Mwaka jana mwezi wa tisa mwenye shule, sisi tunamwita promota, aliwaita wazazi akatangaza kwamba shule inakuwa ya lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza. Wazazi walipiga makofi. Unajua hali ya huku. Kampuni za migodi zinatafuta watu wanaosema Kiingereza, malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanapita usiku na mchana, na tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kila mzazi anaogopa mtoto wake atabaki nyuma. Minervali, yaani ada ya shule, ikapanda kutoka dola 30 kwa mwezi hadi 45. Mimi nikapewa kazi ya kuwatayarisha wenzangu ili mwaka ujao wafundishe hesabu na sayansi kwa Kiingereza. Ni kila Jumamosi baada ya masomo, saa saba hadi saa kumi.

Wenzangu wanalipwa dola 90, na kuna miezi pesa inachelewa mpaka katikati ya mwezi unaofuata. Mimi napata 250. Hawajui kiasi kamili, ila wanajua nawapita. Kwa zile saa tatu za Jumamosi hawaongezewi chochote, hata transpoti.

Mwanzoni walikuja wote. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja, Jumamosi ikawa siku ya kupanda mahindi, nikabaki na saba. Wengine wanafundisha watoto wa watu majumbani jioni, mmoja anauza makala, yaani mkaa. Wanaokuja wanafika bila kula, na ikigonga saa tisa naona vichwa vinalala mezani. Siku moja nilikasirika, nikawaambia kama hawataki Kiingereza waseme. Mama anayefundisha darasa la pili alinijibu taratibu: “Mwalimu, hatukatai Kiingereza. Tumechoka.” Usiku ule sikupata usingizi.

Aliyeshika Kiingereza upesi kuliko wote aliondoka mwezi wa pili, akapata kazi ya ofisi kwa mkandarasi wa mgodi. Promota aliniita akaniambia, “Unawatayarisha watu wanikimbie.”

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita promota aliagiza niwape wote mtihani. Anataka kabla ya tarehe 15 mwezi wa sita nimletee orodha: nani abaki, nani aende. Anasema nafasi za watakaoondoka zitachukuliwa na vijana waliosoma Kiingereza.

Mwalimu wa darasa la sita ndiye aliyenifundisha darasa la tatu. Nilifika kwake mwandiko wangu hausomeki, akawa ananibakiza kila siku nusu saa, ananishika mkono, mpaka herufi zikanyooka. Sasa ana miaka 58. Anatembea kwa miguu kutoka komini ya Ruashi. Siku ya mtihani alikaa benchi la mbele, mgongo wima, saa nzima. Halafu akanirudishia karatasi tupu. Juu aliandika jina lake na tarehe, kwa mwandiko uleule niliokuwa nauona ubaoni nikiwa na miaka minane. Akasema, “Aksanti, binti yangu,” akatoka.

Nilimwandikia 11 kwa 20. Hakuna anayejua isipokuwa wewe.

Nikiandika ukweli, ataondoka mikono mitupu, maana hana hata karatasi ya mkataba. Nikiacha uongo wangu ubaki, watoto wa darasa la sita watafundishwa hesabu kwa lugha asiyoijua, na mtihani wao wa mwisho ni wa Kifaransa. Nikikataa, napoteza kazi, na pesa hiyo ndiyo inanunua dawa za baba. Mchumba wangu anasema hilo si tatizo langu, nimeagizwa tu. Nimejaribu kuamini hivyo, nimeshindwa.

Mama, nifanye nini?

Mwalimu wa Kampemba

*

Binti yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye karatasi tupu. Nami nilishika chaki, Bukavu, miaka 24 kwenye shule ya msingi, kwa hiyo sitakujibu kama mtu anayetazama kwa mbali. Nawajua hao wanaolala mezani saa tisa. Nimekuwa mmoja wao.

Ngoja nikurudishie barua yako kwa maneno yangu, uone kama nimekuelewa. Uliajiriwa kuwafundisha wenzako. Baadaye ukaombwa kuwapima. Sasa unaombwa kuwahukumu. Ni kazi tatu tofauti, na mshahara wako ulipangwa kwa ile ya kwanza tu. Nafikiri ndiyo maana moyo umekataa, ingawa wewe umeeleza kama woga wa kumuumiza mzee mmoja. Hata mwalimu wako wa zamani asingekuwepo kwenye orodha hiyo, sidhani ungeiandika ukalala vizuri. Yule mama wa darasa la pili naye angekujia usiku.

Tuanze na karatasi yenyewe. Wewe umeisoma kwamba hajui. Inawezekana. Lakini karatasi tupu inasema tu kwamba hakuandika, na sababu za mtu kutoandika ni nyingi. Maswali yalichapishwa kwa herufi za ukubwa gani? Umeme ulikuwepo? Mtu wa miaka 58 asiye na miwani anaweza kukaa saa nzima mbele ya fotokopi hafifu akaona vumbi tu, na asiseme. Au aliyaona maswali vizuri, akaamua kwamba mtoto aliyemfundisha kushika kalamu hatasahihisha makosa yake kwa wino mwekundu. Au alikuwa anakuambia, kwa adabu ya watu wa umri wake, kwamba hataki kushiriki jambo hili. Mimi sijui ni ipi. Na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza. Ulimpa 11 na yeye akakupa aksanti, na tangu siku hiyo mnapishana uani kila mmoja akimlinda mwenzake.

Kuhusu hiyo 11, sitakugombeza. Mkono wako ulimlipa mtu deni la zamani. Lakini ona ulichofanya: wenzake waliojikakamua wakaandika wakapata, tuseme, 8 au 9 sasa wako chini ya aliyerudisha karatasi bila neno. Huruma uliyompa yeye imetoka mfukoni mwao. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko uongo wenyewe.

Sasa nataka nikuulize juu ya mpango mzima, kwa sababu naona umeupokea kama ulivyoletwa. Wazazi walipiga makofi kwa nini? Walitaka watoto wao wajue Kiingereza. Promota akawauzia kitu kingine: hesabu na sayansi kwa Kiingereza. Kujifunza lugha ni somo. Kujifunza sehemu na desimali kwa lugha ambayo mwalimu mwenyewe anaitafuta mdomoni ni mzigo mwingine kabisa, na anayeubeba ni mtoto.

Wewe umesoma pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo unalijua hili vizuri kuliko mimi. Mwalimu wa Congo akiandika 2,500 ubaoni, amefundishwa kuisoma mbili na nusu. Kitabu cha Zambia kikiandika 2,500, ni elfu mbili na mia tano. Alama ileile, mkato uleule. Mtoto anayeamini ubao asubuhi na kitabu jioni atamkosea mteja hesabu sokoni, na kosa si lake. Ugawanyaji nao: sisi tunaweka kigawanyo kulia, jibu chini yake; wao wanakiweka kushoto, jibu linakaa juu ya paa. Ukimwambia mwalimu wa miaka 58 afundishe hesabu kwa Kiingereza, humwombi maneno mapya tu. Unamwomba abomoe mkono aliojenga maisha yake yote kisha ajenge mwingine, Jumamosi, bila chakula. Hata mwalimu hodari angehitaji miaka.

Nchi nzima zimejaribu, zikajikwaa. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza, na walimu wengi walikuwa hawakijui. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kwenye madarasa matatu ya kwanza. Mwisho wa 2019 ikaamuliwa tena Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Hiyo ni serikali, yenye mishahara na wakaguzi. Na huko Zambia ambako wazazi wa Kampemba wanakutazama kama mfano, mtaala wa mwaka 2013 uliagiza watoto waanze madarasa manne ya kwanza kwa lugha zao. Watoto wa Ndola walikuwa wanajifunza kusoma kwa Kibemba. Hata sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, nafasi ya kuwa lugha za kufundishia. Sijui kama kuna mtu amewahi kuwaambia wazazi hao mambo haya. Pengine wewe ndiye mtu pekee katika shule hiyo anayeweza kuyasema bila kuonekana anaukataa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ni chako.

Nizungumzie pesa, maana umezitaja kwa haraka kama mtu anayeona aibu. Nyongeza ya dola 15 kwa wanafunzi 260, wakilipa wote, ni dola 3,900 kwa mwezi. Mishahara ya wenzako kumi na wawili kwa pamoja, kwa dola 90, ni 1,080. Sisemi promota anaiba. Wazazi wengine wanadaiwa, jenereta inakunywa mafuta, na kila ofisi inagonga mlango ikitaka ushuru wake. Lakini kati ya namba hizo mbili kuna nafasi ya mkate na chai Jumamosi, na transpoti ya kurudi. Nilipokuwa mwalimu tuliitwa kwenye mafunzo mengi, na swali letu la kwanza lilikuwa transpoti. Waliotufundisha walituandika kwamba tunapenda pesa. Ukweli ni kwamba wengine tulikuwa tumeacha watoto na unga wa bukari, yaani ugali, wa siku moja nyumbani. Unapopima watu wenye njaa saa tisa alasiri, unapima njaa pia, na mtihani wako haukuweza kuitenganisha na Kiingereza.

Na yule aliyekwenda mgodini? Promota anaona ulimharibia. Mimi naona ulimfundisha vizuri, ila shule ikashindwa kumpa sababu ya kubaki. Vijana watakaoletwa nao watajua Kiingereza, na mgodi utakuwa palepale. Kwa dola 90 watakaa muda gani? Hilo ni swali la biashara, na promota ni mfanyabiashara. Huenda akalisikia kuliko lile la huruma.

Basi, mbele yako kuna nini? Unaweza kuiandika orodha kama ilivyoombwa. Utabaki na kazi, dawa za baba zitanunuliwa, na hilo si jambo dogo. Sitakubali mtu yeyote akuonee kwa kulifikiria. Hatari yake ni kwamba mwaka ujao orodha itaombwa tena, na mkono ulioiandika mara moja unajulikana. Na wenzako watajua. Shule ya walimu kumi na watatu haina siri.

Unaweza kukataa waziwazi. Dhamiri itatulia, lakini orodha inaweza kuandikwa na mtu mwingine asiyewajua, na wewe utakuwa nje huwezi kusema neno. Kabla ya njia hiyo ningependa ujue dawa za baba kwa miezi mitatu ni kiasi gani, na ndugu gani anaweza kusaidia. Usiingie kwenye ushujaa bila hesabu.

Kuna njia ya katikati ambayo wewe hukuitaja: kumpelekea promota ripoti badala ya orodha. Ndani yake uandike kila mwalimu anaweza nini leo. Huyu anaweza kuongoza nyimbo na salamu za Kiingereza darasa la kwanza. Huyu anaweza kufundisha somo la Kiingereza lenyewe ukimsaidia kuandaa fishi, yaani karatasi za maandalio ya somo. Huyu abaki na hesabu kwa Kifaransa, hasa darasa la sita lenye mtihani. Wewe na wawili walio tayari mnazunguka madarasani kufundisha Kiingereza kama somo kila siku, na wazazi wanasikia watoto wao wakikiongea nyumbani, jambo walilolipia. Mtihani uliofanyika unausema ulivyokuwa: ulifanyika bila maandalizi, haufai kumfukuzia mtu. Hapo 11 ya mwalimu wako inafutika pamoja na 8 za wengine, bila kumtaja mtu. Lakini sitakudanganya kwamba njia hii ni salama. Promota amewaahidi wazazi kitu, na mtu aliyeahidi mbele ya watu hapendi kurudi nyuma. Anaweza kukuambia alikuomba majina. Hapo utakuwa umesimama palepale ulipo leo, ila akiwa ameshajua unafikiri nini.

Ujue pia kwamba kuondoka mikono mitupu si lazima kama unavyodhani. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Mwajiri anayemwachisha mtu anatakiwa awe na sababu halali na ampe notisi ya angalau siku 14 za kazi, pamoja na siku saba kwa kila mwaka aliotumika. Mwalimu wako yupo shuleni hapo tangu ulipokuwa na miaka minane, yaani miaka 21 au zaidi. Fanya hesabu: siku 161 za kazi, zaidi ya miezi sita. Ofisi ya ukaguzi wa kazi ipo Lubumbashi. Najua kati ya sheria na mfuko kuna barabara ndefu, na wazee wengi hawaendi kudai. Hata hivyo promota anastahili kujua namba hiyo kabla hajaamua, na mwalimu anastahili kuijua zaidi. Usimwambie aende tu shule ya serikali. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwezi wa tisa 2019 wazazi hawalipi tena primu, ile pesa waliyokuwa wanamchangia mwalimu, huko, na mwalimu ambaye hajamekanizwa, yaani hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, anaweza kufundisha muda mrefu bila kuiona pesa ya serikali. Kwa umri wake, mlango huo ni mwembamba.

Mchumba wako anakupenda na anataka usiumie. Usimpige vita kwa neno hilo. Mwombe tu mzungumze juu ya dawa za baba kama kazi ikipotea. Jibu lake hapo litakufaa zaidi.

Nimeliacha la mwisho lile ninaloliona gumu kuliko yote. Umeandika ukurasa mzima juu ya mwalimu wako, na hakuna mahali umeandika anataka nini. Labda amechoka kutembea kutoka Ruashi na anatamani kupumzika kwa heshima, akipewa haki yake. Labda yuko tayari kujifunza, ila na wewe peke yenu, mlango umefungwa, nusu saa baada ya masomo kama alivyokubakiza wewe. Labda atakuambia, andika ukweli. Kumuuliza kuna hatari yake: anaweza kuaibika, anaweza kukasirika kwamba ulimpa alama za sadaka. Utahitaji kuchagua saa na mahali, na si shuleni. Nenda nyumbani kwake kama mtoto anavyokwenda, na kitu mkononi, sukari au unga, uwasalimie watu wa nyumba kwanza. Usifungue na Kiingereza. Mwache aulize habari za baba yako.

Tarehe 15 bado haijafika. Ukipata nafasi baada ya kuongea naye, niandikie tena, hata mistari miwili. Nitakuwa nasubiri.

Mama Mshauri